Aina Nne za Tishu: Somo Kutoka Katika Jeraha Moja

Utangulizi

Leo tunajifunza aina kuu nne za tishu katika mwili wa binadamu. Wanafunzi wengi huikariri mada hii kwa ajili ya mtihani tu: majina manne, mchoro mmoja, mfano mmoja kwa kila jina, basi. Nami niliifundisha hivyo kwa miaka mingi, mpaka siku nilipofundishwa upya na jeraha la sentimita tatu.

Jumamosi moja, wakati wa usafi, mseminari wa kidato cha pili alikuwa akifuta dirisha la bweni. Kioo kikavunjika, mkono wake wa kushoto ukapenya. Alikatika kwenye kifundo cha mkono, upande wa ndani, usawa wa kidole kidogo. Damu ilitoka nyingi. Tukambana kwa kitambaa safi, tukamwinua mkono, tukampeleka kwenye zahanati ya karibu. Alishonwa nyuzi nne, akachomwa sindano ya pepopunda, akarudi akitabasamu. Siku ya kumi nyuzi zikatolewa. Kidonda kilikuwa kimefunga vizuri, na sote tukasema amepona.

Wiki mbili baadaye nilimkuta bwaloni ameshika kikombe cha uji.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kidole chako kimefanyaje?"

Kidole chake kidogo kilikuwa na lengelenge kubwa. Alikuwa ameunguzwa na kikombe tangu jana yake asubuhi, wala hakujua mpaka alipoliona lengelenge lenyewe.

"Hakiumi, Mwalimu. Tangu siku ile ya kioo kimekufa ganzi. Nilidhani ndiyo kawaida, nikasema kitarudi chenyewe."

Ngozi yake ilikuwa imepona, lakini neva iliyo chini ya ngozi ilikuwa imekatika, na muda wote ule hakuna aliyemwuliza kama anahisi kidole chake. Hata mimi, mwalimu wake wa baiolojia, sikumwuliza.

Kwa hiyo somo la leo tutalifuata kwa njia ya jeraha lile, kutoka juu kwenda ndani, tishu baada ya tishu. Jambo ninalotaka ubaki nalo ni hili: kila tishu ina namna yake ya kupona na muda wake wa kupona. Anayezijua tishu anajua aulize nini mbele ya mtu aliyeumia.

1. Tishu ni nini?

Mwili umejengwa kwa seli, yaani chembe hai ndogo ambazo hatuzioni bila hadubini. Seli hazikutawanyika ovyo. Seli zinazofanana kwa umbo na zinazofanya kazi moja hukaa pamoja, zikiwa na vitu vinavyozizunguka na kuzishika, na kundi hilo ndilo tunaloliita tishu. Tishu mbalimbali zikiungana hufanya ogani kama moyo, figo au tumbo. Ogani zikishirikiana hufanya mfumo, kama mfumo wa damu au mfumo wa chakula.

Aliyewahi kumwona bibi akisuka mkeka ataelewa haraka. Majani ya ukindi ni kama seli. Yakisukwa pamoja yanakuwa ukili, ambao ni kama tishu. Ukili ukishonwa unakuwa mkeka, ambao ni kama ogani. Mfano huu hauko mbali na asili ya neno lenyewe, kwani "tishu" limetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kitambaa kilichofumwa.

Aliyelipa neno hilo nafasi yake katika elimu ya mwili ni daktari Mfaransa Xavier Bichat. Alipasua maiti nyingi huko Paris, akagundua kwamba ogani zilizo tofauti kabisa zimejengwa kwa malighafi zinazofanana, na kwamba ugonjwa unaweza kushika tishu moja ndani ya ogani ukaziacha nyingine zikiwa nzima. Katika kitabu chake cha mwaka 1801 alihesabu tishu 21. Alifanya hayo bila kutumia hadubini, kwa macho na mikono yake tu, na alifariki mwaka 1802 akiwa na umri wa miaka 30. Baadaye hadubini zilipoboreka, wataalamu walizipanga upya tishu hizo katika makundi makuu manne tunayoyatumia leo: tishu epithelia, tishu unganishi, tishu za misuli na tishu za neva.

2. Tishu epithelia: ukuta wa nje na wa ndani

Kioo kile kiligusa kwanza tishu epithelia. Hii ni tishu ya kufunika. Inafunika mwili kwa nje, na inatandaza kuta za ndani za njia zote za mwili: mdomo, utumbo, njia ya hewa, kibofu, hata mishipa ya damu. Seli zake zimebanana kama vigae juu ya paa, pasipo nafasi kubwa kati yake, na zimekaa juu ya utando mwembamba unaoitwa utando wa msingi.

Seli hizi tunazitofautisha kwa umbo. Zipo seli bapa, zilizo nyembamba kama magamba. Katika vifuko vya hewa vya mapafu zimepangwa safu moja tu, ili oksijeni ipite kwa urahisi kuingia kwenye damu. Katika ngozi na mdomo zimepangwa safu nyingi, ili zivumilie msuguano. Zipo seli za umbo la mchemraba, kama zile za mirija ya figo. Zipo pia seli ndefu kama nguzo, zinazotandaza utumbo na kufyonza chakula. Katika njia ya hewa seli za namna hii zina vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma makohozi na vumbi kwenda juu. Moshi wa sigara huvidhoofisha vinyweleo hivyo, ndiyo maana mvutaji anakohoa kila asubuhi: kazi iliyopaswa kufanywa na tishu kimyakimya, sasa inafanywa na kifua kwa nguvu.

Tezi nazo zimetokana na tishu hii: tezi za jasho, za mate, za machozi na za maziwa.

Jambo la kukumbuka ni kwamba tishu epithelia haina mishipa ya damu ndani yake. Inalishwa na tishu iliyo chini yake. Ukijikwaruza kidogo kwa mwiba na damu isitoke, umekwaruza tabaka la juu la ngozi tu, ambalo sehemu nyingi za mwili lina unene wa kama karatasi. Ukiona damu, jua kwamba jeraha limevuka tabaka hilo na kuingia kwenye tishu nyingine.

Inaponaje? Tishu hii ndiyo hodari kuliko nyingi. Seli mpya huzaliwa chini kila siku na kusukuma za zamani juu, hata tabaka lote la juu la ngozi hubadilika kwa muda wa kama mwezi mmoja. Ukuta wa utumbo hujifanya upya kwa siku chache tu. Ngozi ya kijana wetu ilijifunga ndani ya siku kumi kwa sababu hiyo, na wepesi huo ndio uliotudanganya.

Hata hivyo hodari huyu ana mipaka. Mtu akiungua juujuu, ngozi inarudi, kwa sababu mashina ya vinyweleo na tezi za jasho yaliyobaki chini yana seli za kuianzisha tena. Moto ukifika ndani na kuyaua mashina hayo, ngozi haiwezi kuota katikati ya kidonda, na huenda ikabidi kupandikiza ngozi kutoka mahali pengine. Angalia pia hatari hii: sehemu iliyoungua sana inaweza isiume, kwa kuwa neva zake zimeungua pia. Mtoto aliyemwagikiwa na maji ya moto akinyamaza, usiseme moto haukumpata vizuri. Mwagilia jeraha maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, usipake dawa ya meno wala majivu, kisha mpeleke hospitali.

Tena, tishu inayogawanya seli zake mara kwa mara ina nafasi nyingi za kukosea. Saratani nyingi za watu wazima huanzia katika tishu epithelia. Saratani ya mlango wa kizazi, kwa mfano, huanzia sana pale ambapo aina mbili za tishu hii zinakutana, seli bapa za nje na seli ndefu za ndani. Kwenye uchunguzi mmoja rahisi, mhudumu hupaka mahali hapo maji yenye asidi ya siki. Sehemu yenye seli zisizo za kawaida hubadilika kuwa nyeupe, na inaweza kutibiwa kabla haijawa saratani. Chanjo ya virusi vinavyosababisha ugonjwa huo hutolewa kwa wasichana kabla ya utu uzima. Haya ni mambo ya kuzungumza katika jumuiya ndogondogo bila aibu, kwa sababu mama anayechelewa kwa aibu anapoteza nafasi ambayo tishu yenyewe ilimpa.

3. Tishu unganishi: nguzo, kamba na mto

Chini ya ngozi kioo kilikutana na tishu unganishi. Katika tishu epithelia seli zimebanana, lakini hapa seli zimeachana, na katikati yake kuna kitu kinachozizunguka ambacho zenyewe zimekitengeneza. Kitu hicho ndicho kinachoamua tabia ya tishu. Kikiwa laini, tunapata tishu laini inayojaza nafasi kati ya ogani. Kikiwa na nyuzi nyingi zilizolala upande mmoja, tunapata kamba imara. Kikiwa na madini ya chokaa, tunapata mfupa. Kikiwa majimaji, tunapata damu.

Ndiyo, damu nayo huhesabiwa katika tishu unganishi. Seli zake ni chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani, nazo zinaelea katika maji ya rangi ya manjano yaitwayo plazima. Chembe nyekundu huishi kwa wastani wa siku 120, halafu huondolewa na nafasi zake kujazwa na nyingine kutoka kwenye uboho wa mifupa. Damu ni tishu inayoweza kutolewa na mtu mzima mwenye afya akampa mwingine, na mwili wake ukairudisha. Plazima hurudi ndani ya siku moja au mbili, na chembe nyekundu hurudi polepole kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana hapa kwetu Tanzania mwanamume hushauriwa kuchangia kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne. Parokia inayopanga siku ya kuchangia damu inatumia vizuri uwezo huo wa tishu.

Wengine wa kundi hili ni hawa. Mafuta yaliyo chini ya ngozi huhifadhi nguvu na joto. Kano huunganisha msuli na mfupa. Kamba nyingine ngumu hufunga mfupa na mfupa kwenye kiungo, na hizo ndizo zinazovutika mtu anapoteguka kifundo cha mguu uwanjani. Gegedu hufunika ncha za mifupa kwenye maungio na kuipa umbo pua na sikio.

Zinaponaje? Hapa jibu si moja. Mfupa ukivunjika na kuwekwa sawa, hujiunga kwa mfupa halisi, bila kovu. Mifupa ya mkono wa mtu mzima huchukua kama wiki sita hadi nane, wa muundi huweza kuchukua miezi mitatu au minne, na watoto hupona haraka zaidi. Mfupa una damu nyingi, na damu ndiyo inayoleta mafundi na vifaa. Gegedu kwa upande wake halina mishipa ya damu kabisa, kwa hiyo likilika au likichanika halijirudishi vizuri. Mchezaji anayelazimisha kucheza na goti lililovimba anatumia akiba ambayo haijazwi tena.

Nyuzi kuu za tishu unganishi zinaitwa kolajeni. Ndizo zinazotengeneza kovu. Wiki tatu baada ya jeraha, kovu lina kama sehemu moja ya tano tu ya nguvu ya ngozi ya awali. Baada ya miezi mitatu hufikia kama 80%, na kwa kawaida halizidi hapo. Kwa hiyo siku ya kutoa nyuzi si siku ya kurudi kwenye jembe, hasa kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo. Tena mwili hauwezi kutengeneza kolajeni imara bila vitamini C. Mabaharia wa zamani waliokaa miezi baharini bila matunda walivuja damu kwenye ufizi na vidonda vyao havikupona. Mgonjwa wako mpelekee mapera, machungwa au ubuyu. Hiyo ni sehemu ya tiba.

4. Tishu za misuli: zinazovuta

Tishu ya msuli ina kazi moja: kujikaza na kulegea. Seli zake ni ndefu kama nyuzi, zimejaa protini zinazotelezeana, na zinapotelezeana msuli hufupika na kuvuta. Tuna aina tatu.

Ya kwanza ni misuli ya mifupa. Ukiitazama kwa hadubini ina mistari mistari, na inatii amri yetu: kutembea, kuandika, kuimba. Mwilini ipo zaidi ya 600, na kwa mtu mzima huweza kufikia kama 40% ya uzito wake.

Ya pili ni misuli laini. Haina mistari wala haingoji amri yetu. Inasukuma chakula tumboni, inabana na kulegeza mishipa ya damu, inasimamisha vinyweleo wakati wa baridi, na katika tumbo la uzazi ndiyo inayomsukuma mtoto azaliwe.

Ya tatu ni msuli wa moyo. Una mistari kama ule wa mifupa, lakini haungoji amri yetu. Seli zake zimeshikana na kupashana habari, hata zinajikaza kwa pamoja. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga zaidi ya mara 100,000 kwa siku, bila likizo.

Wasomaji wa seminari watapenda kujua kwamba mmoja wa walioonyesha wazi kuwa moyo ni msuli alikuja kuwa askofu. Zamani wengi waliamini kwamba moyo ni kitu cha pekee, chanzo cha joto la mwili au makao ya roho za uhai. Niels Stensen, mwanasayansi aliyezaliwa Copenhagen mwaka 1638, aliupasua na kuuchunguza kwa makini, na katika kazi yake ya mwaka 1664 akaeleza kwamba moyo una kila kilichomo katika msuli, na hauna kitu kisichokuwa cha msuli. Baadaye alijiunga na Kanisa Katoliki, akapewa upadre mwaka 1675 na uaskofu mwaka 1677, na mwaka 1988 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenyeheri. Kusema ukweli kuhusu nyama ya moyo hakukumpunguzia imani yake.

Misuli inaponaje? Msuli wa mfupa ukichanika kidogo una seli za akiba zinazouziba. Ukichanika sana, sehemu inabaki kovu. Msuli wa moyo ni dhaifu zaidi katika hili: kwa mwaka mmoja hubadilisha chini ya 1% ya seli zake. Mshipa unaoulisha ukiziba na sehemu yake ikafa, sehemu hiyo huwa kovu lisiloweza kujikaza. Ndiyo maana maumivu makali ya kifua yanayobana, yakiandamana na jasho au kwenda mkono wa kushoto au taya, si ya kungoja asubuhi. Kila saa inayopita ni nyama ya moyo isiyorudi.

Na kijana wetu je? Kioo hakikugusa tumbo la msuli wowote, maana kwenye kifundo cha mkono zinapita kano tu. Lakini nilipomwambia atandaze vidole, vya kushoto havikutanuka sawasawa. Nilimpa karatasi aibane kati ya kidole kidogo na cha pili yake, nikaivuta, ikatoka bila upinzani. Kati ya kidole gumba na cha shahada, upande wa nyuma wa kiganja, palianza kubonyea. Misuli midogo ya kiganja ilikuwa mizima, ila haipati amri. Msuli usiopata amri hunyauka.

5. Tishu za neva: zinazopeleka habari

Tishu ya neva imejenga ubongo, uti wa mgongo na neva zote zinazotoka humo. Seli zake kuu zina mwili mdogo na uzi mrefu wa kupitisha habari. Uzi wa seli moja unaotoka mgongoni hadi kwenye kidole cha mguu unaweza kufika mita moja. Habari katika nyuzi zenye kasi kubwa hukimbia hadi kama mita 120 kwa sekunde. Pamoja na seli hizo kuna seli saidizi zinazozilisha, kuzikinga na kuzifunika kwa ala ya mafuta, kama mpira unavyofunika waya wa umeme.

Tishu hii ina njaa kubwa. Ubongo ni kama 2% ya uzito wa mwili, lakini hutumia kama 20% ya oksijeni yote. Ukikosa damu kabisa kwa dakika chache, seli zake huanza kufa. Kwa sababu hiyo mtu aliyepooza uso au mkono ghafla, au ulimi wake ukawa mzito ghafla, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, si baada ya kujaribu dawa za nyumbani.

Inaponaje? Seli za ubongo na uti wa mgongo zikifa, kwa sehemu kubwa hazirudi. Ubongo unaweza kujifunza kutumia njia nyingine, na mazoezi yana faida kubwa hapo, lakini sehemu iliyokufa imekufa. Neva za mikono na miguu zina tumaini zaidi. Uzi uliokatika unaweza kuota tena, kwa sharti kwamba ncha mbili zimekutanishwa na ala ya kuuongoza ipo. Unaota kwa kasi ya kama milimita moja kwa siku.

Sasa tupige hesabu pamoja. Kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole kidogo cha kijana wetu ni kama sentimita 18, yaani milimita 180. Hizo ni siku 180, au miezi sita, kuanzia siku neva inaposhonwa. Na msuli uliokaa bila amri kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kwa kawaida haufufuki tena. Hapo utaona kwa nini kauli ya "kitarudi chenyewe" ni ya hatari. Neva iliyokatwa na kitu chenye makali inapaswa kushonwa mapema, ikiwezekana ndani ya siku chache. Sisi tulikuwa tumepoteza karibu mwezi mzima.

Ganzi hii ina ndugu zake. Vimelea vya ukoma hushambulia neva za ngozi, mikono na miguu. Watu walidhani ukoma wenyewe unakula vidole, kumbe mgonjwa aliyepoteza maumivu hujiunguza na kujikata bila kujua, vidonda vinaoza, na vidole vinakwisha hivyo. Baka la ngozi lisilohisi mguso linahitaji kituo cha afya mapema. Ugonjwa huo unatibika, na dawa zake hutolewa bure. Kisukari nacho huua hisia za miguu taratibu, na mwenye kisukari anapaswa kukagua nyayo zake kila jioni kama anavyokagua mlango kabla ya kulala. Maumivu tunayoyalalamikia ni mlinzi.

6. Maswali matatu mbele ya jeraha

Siku hizi kwenye chumba chetu cha huduma ya kwanza tumebandika karatasi yenye maswali matatu. Yametokana na tishu tulizojifunza.

Kwanza: Damu inatokaje? Bana kwa kitambaa safi, inua kiungo, usiachie kila dakika kuchungulia. Kama kipande cha kioo au chuma kimezama ndani, usikichomoe. Bana pembeni yake na umwahishe hospitali.

Pili: Unahisi? Mgonjwa afumbe macho. Gusa kwa pamba ncha ya kila kidole kilicho mbele ya jeraha, kisha gusa upande mwingine ulio mzima, umwulize kama ni sawasawa. Lifanyike kabla ya sindano ya ganzi, kwa sababu baada ya sindano jibu linapotea.

Tatu: Unaweza kusogeza? Akunje, anyooshe, atandaze kila kidole, kimoja kimoja. Asiyekunja huenda kano imekatika, na asiyetandaza huenda neva imekatika. Usimlazimishe kama mfupa umevunjika.

Ukipata jibu la hapana katika la pili au la tatu, liandike kwenye karatasi na umpe mhudumu wa zahanati mkononi, hata kama jeraha ni dogo. Ukubwa wa mlango hauelezi ukubwa wa chumba. Maswali haya hayachukui dakika tatu, na hayahitaji kifaa chochote ila pamba.

Hitimisho

Kijana wetu alipelekwa hospitali kubwa, neva yake ikashonwa, akafungwa bango kwa wiki kadhaa, akaanza mazoezi. Alikuwa akinijia kila Jumamosi na rula, tukipima hadi wapi hisia imefika. Mwezi wa nane alishtuka nilipomgusa ncha ya kidole kwa pini, akacheka kwa sauti. Leo anatambua moto na baridi. Bado akifumba macho hatofautishi sarafu na kifungo kwa kidole kile, na nguvu ya mkono haijarudi yote. Huenda isirudi yote.

Tunaposikia mfano wa Mtume Paulo kuhusu mwili wenye viungo vingi, tunafikiria mkono, jicho na mguu. Ndani ya kila kiungo tishu nne zinategemeana vivyo hivyo: ngozi inalishwa na tishu iliyo chini yake, msuli unanyauka ukikosa neva, neva inakufa ikikosa damu. Ukimhudumia aliyeumia, usiishie pale macho yanapoishia. Mwulize kama anahisi.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini mkwaruzo mdogo wa ngozi huweza kutotoa damu.
2. Damu na mfupa vimewekwa katika kundi moja la tishu. Vinafanana nini, na vinatofautiana wapi?
3. Mfupa na gegedu, kipi hupona vizuri zaidi, na kwa sababu gani?
4. Taja aina tatu za misuli na useme ipi inatii amri yetu.
5. Mtu amekatika neva kwenye kiwiko, na kutoka hapo hadi ncha ya kidole ni sentimita 42. Neva ikishonwa leo, takriban baada ya muda gani anaweza kutegemea hisia kwenye ncha ya kidole?
6. Fanya zoezi la pamba pamoja na mwenzako, kila mmoja amjaribu mwingine mikono yote miwili.